Bushi Yenye Rangi ya Ufizi

Ukimkuta Jumamosi asubuhi amejikunja juu ya boneti ya gari la mtu, shati limechomoka na grisi imempanda hadi kwenye nyusi, utaapa kwamba bwana huyu ni makanika tangu tumboni mwa mama yake. Utakuwa umekosea. Jumatatu hadi Ijumaa alivaa koti jeupe lisilo na doa, akaketi kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, akatengeneza meno bandia. Watu walimwita Fundi Meno, naye alikwisha kulizoea jina hilo kiasi kwamba ungemwita kwa lile la kuzaliwa asingegeuka.

Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lililotazama tangi la maji, meza ndefu iliyolika pembeni, na rafu tatu za taya za plasta, kila moja na namba yake, zote zimeachama kama watu wanaosimuliwa habari ya ajabu. Hapo ndipo alipochonga nta kwa kisu kidogo kama ukucha, akapanga meno moja moja, akayapika, akayasugua mpaka yakang'aa. Mgonjwa hakumwona hata siku moja. Shukrani zote alizipokea daktari mwenye kliniki, mama mmoja mkavu wa maneno ambaye akikusifu ulijua tu kwa kuwa hakukukosoa. Fundi hakuona vibaya. Akipita barabarani na kumwona mtu anacheka kwa kinywa kizima, alijua kwa kutupa jicho tu kama meno yale ni ya mkono wake, akaendelea na njia yake, moyo mweupe.

Magari aliyapenda tangu hajajua kufunga vifungo vya shati. Akiwa na miaka sita aliweza kukwambia, akiwa amelala kitandani, ni gari la jirani yupi linaloingia na kwamba siku hiyo linakohoa. Alipomaliza shule, ukoo mzima ulikubaliana bila kikao kwamba mahali pake ni gereji, na gereji akapelekwa.

Alidumu miezi minne. Si kwamba alikuwa mvivu. Mteja mmoja alileta gari asubuhi, honi hailii, akasema atalifuata saa sita. Saa sita alimkuta Fundi ameshafungua dashibodi nzima, amepanga skrubu zote juu ya kitambaa kwa utaratibu zilivyotoka, na anazipiga mswaki moja baada ya nyingine. Honi yenyewe ilikuwa imepona tangu saa tatu. Mwenye gereji alimwita kando, akamweleza kwa upole kwamba gari si mchumba. Linaletwa, linatengenezwa, linaondoka. Basi yakaishia hapo. Lakini kuna jambo ambalo Fundi hakumwambia mtu: kufikia mwezi ule wa nne alikuwa ameacha kugeuza shingo gari zuri likipita. Jambo hilo lilimtisha kuliko kufukuzwa.

Shangazi yake, aliyekuwa akifanya usafi kliniki, ndiye aliyemwombea kibarua cha kuosha vyombo vya plasta. Na huko, ajabu ni kwamba ule ugonjwa wake wa kung'ang'ania kitu kimoja nusu siku ulionekana kuwa kipaji. Miaka kumi na tisa ikamkuta palepale, na shingo yake ikageuka kama zamani.

Kila Jumamosi wapenzi wa magari ya zamani walikutana kwenye uwanja wa ghala moja la mbao, ambao mwisho wa wiki ulikuwa mtupu. Waliopita njia waliwatazama na kukata shauri kwamba hawa ama ni matajiri wasio na la kufanya, ama ni makanika waliokosa wateja. Hawakuwa hivi wala vile. Kulikuwa na mkunga wa hospitali, mama wa makamo mwenye mikono ya nguvu, aliyekuwa na kigari cha mizigo cha kijani ambacho injini yake aliishusha na kuipandisha mwenyewe. Alisema akitoka zamu anachokitaka ni mgonjwa asiyepiga kelele. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, mrefu kama mlingoti, aliyeegesha gari lake kwa vipimo kana kwamba mtu angekuja kusahihisha. Wengine walikuja na kuondoka, lakini watatu hawa walikuwa kama mafiga. Waliyajua magari yao kuliko walivyozijua ndoto zao, na hakuna hata mmoja aliyekula mkate kwa sababu ya gari.

Sasa, Fundi alikuwa na mke, na mke alikuwa na baba, na baba alikuwa na matatizo mawili.

Mzee huyo alikuwa amefundisha watu udereva kwa miaka thelathini na minne. Nusu ya waliokuwa wakishika usukani mjini pale walipita mikononi mwake, na walipomwona barabarani hata leo walinyoosha mgongo na kutazama kioo. Gari lake lilikuwa lile lile tangu mwanzo: dogo, la rangi ya krimu, lenye pedali mbili za ziada upande wa abiria, klachi na breki, ili mwalimu aweze kuokoa maisha pale mwanafunzi anapoyasahau. Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba gari hilo lilikuwa limelala chini ya turubai kwa miaka kumi na mmoja. Ndani kabisa, mahali mkono wa gea unapoungana na vyuma vinavyokwenda kwenye sanduku la gea, palikuwa na bushi, kijipete cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Bushi ilikwisha ikawa unga, na mkono wa gea ukabaki ukicheza huku na huku kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Mzee alitafuta nyingine kila duka la spea, akaandika barua kila mahali. Waliokuwa wakizitengeneza walikuwa wameacha zamani. Siku aliyopokea jibu la mwisho alilifunika gari na kustaafu.

Tatizo la pili lilikuwa meno. Yalimtoka moja moja mpaka kinywa kikabaki kitupu. Yale bandia aliyotengenezewa huko nyuma mahali pengine aliyavaa siku tatu, akayatia kwenye droo, akala vitu laini. Mke wa Fundi alikuwa akimtazama baba yake akipungua shingoni, kola ya shati ikizidi kumpwaya, na kila wakirudi kutoka kwake alimgeukia mumewe. Ana mume anayetengeneza meno ya mji mzima, na baba yake anakula kama mtoto wa miezi sita. Watu watasemaje?

Si kwamba Fundi hakutaka. Lakini hebu jiweke mahali pake. Baba mkwe ni baba mkwe. Ni mtu unayemwamkia ukiwa umeinama kidogo, unayekaa naye ukipunguza sauti. Utamwambiaje aachame, umtie vidole kinywani? Kliniki taya za watu zilimfikia zikiwa plasta, hazina macho. Hii ilikuwa taya yenye macho, na macho yenyewe yalikuwa yamezoea kuona makosa.

Alijikokota kwenda Jumapili moja, peke yake. Akamwamkia, wakaongea habari za mvua, za bei, za jirani aliyehama. Wakarudia za mvua. Mzee akaweka kikombe chini.

"Sema tu, mwanangu. Umetumwa."

Fundi akasema ni habari ya meno.

"Nilijua," mzee akasema. "Yale ya kwanza yalikuwa yananiuma mimi badala ya kuuma chakula. Sitaki tena." Kisha, kwa kuwa alimpenda mkwewe na hakutaka aondoke mikono mitupu, akaelekeza kidevu uani, kule kwenye turubai. "Siku gari lile litakapoingia gea ya pili, njoo na meno yako. Nitayavaa."

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa njia ya heshima ya kusema hapana. Mzee mwenyewe aliisema hivyo. Lakini Fundi alitoka pale akitembea haraka haraka kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko likiwaka, na hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mkunga.

Jumamosi iliyofuata uwanja wa ghala ulikosa watu wake watatu. Walikuwa uani kwa mzee. Turubai liliondolewa, vumbi likapanda, mijusi wawili wakahama kwa hasira. Mkunga alilala chini ya gari akamwaga mafuta yaliyokuwa yameoza, akasafisha kabureta, akakagua breki. Mwalimu wa hesabu alishughulika na betri, waya na matairi, huku akiandika kila kitu kwenye daftari lenye mistari. Mzee alikuwa amekaa barazani, gazeti limefunika uso. Mkunga aliapa baadaye kwamba gazeti lile halikufunuliwa ukurasa hata mmoja.

Fundi yeye aliingia mahali pembamba, akatazama ile ncha ya duara ya mkono wa gea na kile kikombe cha chuma ilipotakiwa kukaa. Kati yao palikuwa na nafasi tupu. Watu wa spea wangeiona kama kitu kilichokosekana. Yeye aliiona kama pengo, na mapengo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Akafungua mkoba wake, akakoroga ile pasta laini ya kuchukulia alama ya meno, akaijaza pale, akahesabu dakika, akaitoa. Umbo la bushi likawa mkononi mwake, pamoja na kila mkwaruzo.

Ya kwanza aliitengeneza kwa plastiki ya kawaida ya meno, ile ngumu aliyokuwa nayo mkobani. Ilipendeza mno. Walipoifunga, gea ya kwanza ikaingia, wote wakatazamana, kisha mwalimu wa hesabu akajaribu gea ya kurudi nyuma na bushi ikapasuka kama biskuti. Kule barazani gazeti lilishuka kidogo, likapanda tena.

Ilihitajika kitu kinachokubali kupinda. Na kitu hicho kilikuwepo: nailoni inayotumika kwa yale meno ya kisasa yasiyovunjika ukiyaangusha, inayoyeyushwa na kusukumwa kwa mashine ndani ya umbo. Lakini mashine ilikuwa ya kliniki, na nailoni ilikuwa ya kliniki, na Fundi hakuwa mtu wa kuchukua kitu bila kuuliza. Jumatatu alimpelekea daktari umbo la nta mezani. Daktari alilishika kwa vidole viwili, akaligeuza, akavaa miwani, akaligeuza tena.

"Hili ni jino la nani?"

Ikabidi amweleze yote, kuanzia droo ya mzee hadi gea ya kurudi nyuma. Daktari alisikiliza bila kubadilisha uso. Mwishoni aliuliza kama gari hilo ni lile la krimu lenye pedali mbili mbili. Fundi akakubali. Daktari akavua miwani na kusema kwamba ndani ya gari hilo yeye alilia mara mbili, na kwamba mpaka leo hawezi kukata kona bila kusikia sauti ya yule mzee ikimwuliza kioo aliwekewa kwa urembo au vipi. Kisha akarudisha umbo la nta mezani. "Kuna mabaki ya nailoni kwenye kabati la juu. Yale ya rangi ya ufizi."

Basi bushi ilitoka ya waridi, nyororo, na ilipobonyezwa ilirudi kama ulivyoikuta. Jumamosi hiyo ilikaa mahali pake kwa mlio mdogo wa kubonyea ambao Fundi alisema ni mtamu kuliko muziki. Injini ilikohoa mara tatu, ikapata pumzi, ikaanza kunguruma. Mzee akakunja gazeti. Akateremka barazani, akazunguka gari lote, akaingia upande wake wa siku zote, upande wa abiria, miguu juu ya pedali zake. Akamwelekeza Fundi kwenye usukani kwa kidole.

Walitoka getini kwa gea ya kwanza. Barabara ilikuwa tupu, mbele kuna shule, baada yake duka la vyakula vya mifugo. Fundi alikanyaga klachi, akavuta mkono wa gea nyuma, na ile ya pili ikaingia laini kama kisu kwenye siagi. Gari likasogea mbele. Hakuthubutu kugeuka.

"Kioo," mzee akasema hatimaye. "Tangu tutoke hujatazama kioo hata mara moja."

Walizunguka mara nne. Mzunguko wa tatu mzee alikuwa akiimba.

Ahadi ni ahadi, na mzee hakuwa mtu wa kukwepa. Jumanne aliingia kliniki amevaa suti, akakalishwa kwenye kiti kinacholala. Daktari alikuwa na wagonjwa wengine, akamwachia Fundi achukue alama mwenyewe, na Fundi alijua kabisa kwamba amefanya makusudi. Alinawa mikono zaidi ya ilivyohitajika. Akajaza pasta kwenye kisahani cha chuma, akasema samahani baba, akakiingiza. Pasta huchukua dakika nne kushika, na kwa dakika hizo nne mtu hawezi kusema kitu. Anaweza tu kupumua na kutazama dari.

Kimya kile kilimzidi Fundi. Labda ni kwa sababu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya ndoa, mzee hakuwa na namna ya kumjibu.

"Baba," akasema, "kuna neno nataka kukwambia. Siku nilipokuja kuposa uliniuliza kazi yangu, nikakwambia mimi ni fundi. Nikaishia hapo. Nilijua utafikiri ni fundi wa magari, na nilitaka ufikiri hivyo. Niliogopa kusema kwamba nakaa chumba cha nyuma nachonga meno. Uliyajua baadaye kwa watu. Sikukuomba radhi. Nakuomba leo."

Mzee alitazama dari. Dakika zikaisha. Fundi akatoa kisahani, akampa maji, mzee akasukutua, akatema, akajifuta midomo taratibu kwa leso yake mwenyewe.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Makanika gani ana kucha safi namna ile?"

"Sasa mbona hukusema, baba?"

"Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni, mguu karibu na breki, nikingoja mtu aione kona mwenyewe. Wewe umechelewa kidogo kuiona. Lakini hukugonga kitu."

Akaomba maji mengine. Fundi alikwenda kuyachukua chumba cha pili, akakaa huko muda mrefu kidogo kuliko maji yalivyohitaji.

Meno yaliisha kwa wiki mbili. Fundi aliyafanyia kazi kama alivyokuwa akizifanyia zile skrubu za gereji, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Mzee aliyavaa siku ya kwanza, akayavaa siku ya nne, siku ya tano akampigia simu binti yake kumwarifu kwamba amekula nyama choma na mfupa umebaki mweupe. Kola zake zilianza kujaa.

Habari za bushi ya waridi hazikukaa uani. Mkunga alizibeba hospitalini, mwalimu akaichora bushi ubaoni kama mfano wa somo la maumbo, na mwisho zikamfikia bwana mmoja mwenye karakana kubwa ya kufufua magari ya zamani, mtu wa viatu vinavyong'aa. Alikuja uwanja wa ghala akamwomba Fundi waongee faragha. Alimtaka aache kliniki, ahamie kwake, atengeneze vipuri vidogo vidogo visivyopatikana: vifundo vya redio, vishikio vya madirisha, bushi za kila aina. Chumba chake mwenyewe, mashine mpya, na magari ya kupendeza asubuhi hadi jioni.

Fundi aliomba wiki moja ya kufikiri. Mkewe alimwona akizunguka nyumba, akifungua friji na kuifunga bila kuchukua kitu, akamwacha. Siku ya sita, wakiwa wanakunja nguo, akamwuliza kama atakwenda.

"Nikienda, Jumamosi nitakuwa nakwenda wapi?" Fundi akamjibu.

Mkewe alifikiri atasema na mengine. Fundi alimaliza kukunja shuka, akalilinganisha ncha kwa ncha, akaliweka juu ya mengine. Kesho yake alimshukuru bwana wa viatu vinavyong'aa, akamwambia vipuri atamtengenezea akipata nafasi Ijumaa alasiri, daktari ameridhia, ila koti lake jeupe halivui. Bwana yule hakumwelewa, lakini vipuri alivitaka, wakapeana mikono.

Sasa hivi uani kwa mzee turubai limegeuzwa zulia la kukalia. Mzee amerudi kufundisha, mwanafunzi mmoja kwa wakati, na wa kwanza ni binti yake, mke wa Fundi, ambaye miaka yote alikataa katakata kufundishwa na baba yake. Alasiri moja walimchukua Fundi akae kiti cha nyuma. Mkewe alikuwa ameshika usukani kama anayeshika ngazi inayoyumba. Kufika kwenye mteremko wa shule, Fundi akainama mbele kumwambia apunguze gea, na wote wawili wa mbele, baba na binti, wakamwambia kwa pamoja anyamaze. Akaegemea nyuma, akanyamaza. Mkewe alikanyaga klachi, akatazama kioo, akavuta mkono wa gea mwenyewe. Gari likatii. Pale chini, mguu wa mzee ulikuwa umekaa sakafuni, mbali kabisa na breki.